Fungu la Nyanya na Kura ya Rais

Mazungumzo yaliyotolewa Moshi mbele ya wanafunzi, wanaushirika na wafanyabiashara. Msemaji ameyaandika upya kwa ajili ya wasomaji.

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, na nyinyi ndugu zangu mliofunga biashara mapema mkaja kukaa kwenye viti hivi vigumu, nawashukuru sana.

Nimepewa mada ya jinsi mpiga kura anavyouona uchumi, na jinsi anavyomchagua rais kwa kuuona hivyo. Uchumi wenyewe tuwaachie Benki Kuu na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wana watu wa kuupima. Mimi nimekuja kuzungumzia uchumi ulioko kichwani mwa mtu aliyesimama kwenye foleni ya kupiga kura, maana huo ndio unaoingia kwenye sanduku.

Dai langu nalitoa mapema ili anayetaka kubisha aanze kujiandaa. Mara nyingi serikali inayong'olewa kwa ajili ya uchumi haing'olewi siku hali ilipokuwa mbaya kupita kiasi. Inang'olewa baadaye, mambo yakiwa yameanza kutengemaa kwenye makaratasi, na viongozi wakiwa wanashangaa kwa nini watu hawashukuru. Na mara nyingi, katika ugomvi huo, mwananchi ana hoja kuliko anavyodhaniwa.

Twendeni sokoni Mbuyuni. Mama anayeuza nyanya hapandishi bei ya fungu. Fungu la mia tano litabaki la mia tano mwaka mzima. Kinachobadilika ni nyanya zenyewe: leo tano, wiki ijayo nne, mambo yakikaza tatu, na moja kati ya hizo imepondeka upande wa chini. Mafuta ya kupima ni hivyo hivyo. Sukari ya kupima ni hivyo hivyo. Mtakwimu akipita na daftari lake anapima kilo na lita, na ndivyo inavyotakiwa, simlaumu. Ila mteja hana kilo kichwani. Anachokumbuka ni kwamba mia tano ilitosha mboga ya watu sita, na sasa haitoshi. Watu wengi wa nchi hii wanaupima uchumi kwa kupungua kwa fungu, na kipimo hicho hakiandikwi popote.

Sasa sikilizeni hesabu ndogo. Tuseme kilo ya mchele ilikuwa 2,000. Ndani ya mwaka ikafika 3,000. Mwaka uliofuata ikawa 3,100, ikatulia hapo. Kwa mtakwimu, kasi ya kupanda bei imeshuka kutoka asilimia 50 hadi asilimia 3 na kidogo, na hiyo ni habari njema kweli. Waziri anaisoma bungeni, wabunge wanapiga meza. Mama nyumbani anasikia redioni kwamba mfumuko wa bei umeshuka, anautazama mchele wake wa 3,100, anaamua kwamba waziri ni mwongo. Waziri hakusema uongo. Mama naye hakukosea. Waziri anatoa hesabu ya mwaka huu na mwaka jana. Mama analinganisha na bei aliyoizoea, na bei hiyo haijarudi, wala kwa kawaida hairudi.

Sisi wenyewe ni mashahidi. Kwa miaka kadhaa sasa mfumuko wa bei Tanzania umekuwa chini ya asilimia 5, jambo ambalo nchi nyingi jirani zinatuonea gere. Umesikia nani kwenye daladala akilitaja kwa furaha? Utasikia maisha magumu, utasikia vyuma vimekaza, utasikia hela haionekani. Sehemu ya maelezo iko kwenye kapu linalopimwa, yaani orodha ya bidhaa na huduma ambazo watakwimu hufuatilia bei zake. Chakula katika kapu la taifa kina uzito chini ya theluthi moja. Kwa familia inayoishi kwa kibarua cha siku, chakula kinameza zaidi ya nusu ya kipato. Unga na maharage vikipanda huku bei ya simu na televisheni ikitulia, wastani wa taifa utakuwa mzuri na familia hiyo italala na uji. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wastani ni mwenye shibe siku zote.

Mwanauchumi wa Harvard, Stefanie Stantcheva, alifanya kazi ya kuwauliza Wamarekani kwa nini wanauchukia mfumuko wa bei. Katika yaliyojitokeza, hili nalipenda zaidi: mshahara ukipanda, mtu anasema ni juhudi zake, bei zikipanda, anasema ni serikali. Nadhani hata hapa ukumbini tuko hivyo. Mfanyabiashara aliyeuza vizuri mwaka huu hajasimama kumshukuru waziri wa fedha.

Kwa kuwa nimewataja Wamarekani, tupite kwao kidogo, kwani wameandika sana kuhusu jambo hili. Oktoba 1980, wiki moja kabla ya kura, Ronald Reagan aliwageukia watazamaji wa mdahalo wa televisheni akawauliza kama hali yao ni bora kuliko ilivyokuwa miaka minne iliyopita. Mfumuko wa bei mwaka ule ulipita asilimia 13. Jimmy Carter, aliyekuwa rais, alipoteza majimbo 44. Tangu siku hiyo hakuna mgombea wa upinzani duniani ambaye hajaliazima swali lile kwa namna yake, na mengi ya maswali hayo yameulizwa kwa Kiswahili.

Lakini mfano unaobeba dai langu ni wa 1992. George Bush, yule baba, mwanzoni mwa 1991 alikuwa ametoka kuwafukuza Wairaki Kuwait, na asilimia 89 ya Wamarekani walisema anafanya kazi nzuri. Mdororo wa uchumi uliokuwepo uliisha Machi 1991. Nasema uliisha kwa sababu ndivyo walivyoamua wataalamu ambao kazi yao ni kutangaza tarehe hizo. Tatizo ni kwamba walitangaza Desemba 1992, na kura ilikuwa imepigwa Novemba. Katikati ya hapo, mdororo ukiwa "umeisha", ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hadi kufikia asilimia 7.8 katikati ya 1992. Mtu aliyefukuzwa kazi mwaka mmoja baada ya mdororo kuisha utamwambia nini? Bush hakufikisha hata asilimia 38 ya kura. Ile kauli ya James Carville, mshauri wa kampeni ya Bill Clinton aliyemshinda Bush, kwamba "ni uchumi, mjinga wewe", mnaijua wote, imesemwa mno, naipita.

Miaka 32 baadaye yakatokea yale yale kwa chama kingine. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1, wa juu kuliko wote kwa miaka 40. Kufikia vuli ya 2024 ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 3, na ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 4 na kidogo. Washauri wa Rais Joe Biden na baadaye wa makamu wake Kamala Harris, aliyegombea badala yake, walikuwa na majedwali mazuri sana. Wapiga kura walikuwa na risiti za dukani: bei kwa ujumla zilikuwa zimepanda kama asilimia 20 tangu Biden aingie. Walipoulizwa siku ya kura, takribani theluthi mbili walisema uchumi ni mbaya, na Trump akarudi Ikulu.

Akarudi. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Trump alikuwa ameshindwa mwaka 2020. Mwezi mmoja baada ya ushindi wake, Desemba 2024, Ghana ilimrudisha John Mahama, ambaye Waghana wenyewe walimwondoa 2016. Septemba 2025 Malawi ikamrudisha Peter Mutharika, mzee wa miaka 85, aliyeondolewa 2020. Marais watatu waliowahi kufukuzwa na wapiga kura, wote wamerudishwa na wapiga kura wale wale, ndani ya muda usiotimiza mwaka. Mtu anaweza kusema ni bahati tu. Mimi sioni bahati hapo.

Tazameni Ghana. Mahama alipoondolewa 2016 watu walikuwa wamechoshwa na mgawo wa umeme na ugumu wa maisha. Wakati ule dola moja ilikuwa kama cedi 4. Alipogombea tena 2024, dola ilikuwa karibu cedi 16. Katikati, Desemba 2022, mfumuko wa bei ulifika asilimia 54.1, na nchi ikasimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Dhamana za serikali, yaani mikopo ambayo serikali huchukua kwa wananchi, zilipopangwa upya, wastaafu waliokuwa wameweka akiba yao humo walikwenda kusimama nje ya Wizara ya Fedha, na pamoja nao alisimama jaji mkuu mstaafu, mama mzima mwenye heshima zake. Hadi kufika uchaguzi, mfumuko ulikuwa umeshuka zaidi ya nusu, kwenye asilimia 23. Serikali ikasema tumetoka shimoni. Mahama akapata zaidi ya asilimia 56.

Malawi nayo haina tofauti kubwa. Mutharika alipoondoka dola ilikuwa chini ya kwacha 750. Aliporudi, bei rasmi ilikuwa zaidi ya 1,700. Novemba 2023 benki kuu ilikuwa imeishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 kwa mkupuo mmoja. Kulikuwa na kimbunga Freddy, kulikuwa na ukame wa El Niño, kulikuwa na foleni za mafuta kwa sababu nchi haina fedha za kigeni. Rais aliyekuwepo, Lazarus Chakwera, hakuleta kimbunga wala ukame. Alipata asilimia 33 tu.

Ninachokiona ni kwamba watu wanakumbuka bei kwa muda mrefu kuliko wanavyokumbuka sababu za kumfukuza mtu. Mgawo wa umeme wa 2015 umeshafifia. Cedi 4 kwa dola haijafifia, kwa sababu kila ukinunua kitu unaikumbuka. Rais wa zamani anarudi akiwa amebeba bei za zamani mgongoni, ingawa hawezi kuzirudisha na mara nyingi yeye mwenyewe anajua hawezi. Kwa mgombea aliyepo madarakani hii ni dhuluma kidogo. Lakini siasa haijawahi kuahidi haki kwa walio madarakani.

Jambo la pili, na hapa ndipo wanasiasa wajanja wanapojipatia riziki, ni nani abebe lawama. Kuona kwamba hali ni mbaya hakutoshi. Mpiga kura lazima aamue ni ya nani.

Nina mfano wa watu wawili waliokuwa kwenye kiti kinachofanana. William Ruto alikuwa naibu wa rais Kenya, Mahamudu Bawumia alikuwa makamu wa rais Ghana. Wote waligombea urais kutoka nafasi ya pili serikalini, wote gharama za maisha zikiwa zimepanda. Kenya 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200 za kwao. Mtu wa kawaida angesema naibu wa rais atalipia. Ruto hakulipia. Tangu Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga walipopeana mikono hadharani, Ruto alisukumwa pembeni, naye akakigeuza kisirani hicho kuwa mtaji. Akajiita hasla, yaani mtu anayehangaika kujitafutia, akatembea na wilbaro, akawaambia wachuuzi na bodaboda kwamba ugumu huu ni wa wale wakubwa wawili. Raila, aliyeshindana na Ruto akiungwa mkono na Uhuru, mpinzani wa maisha yote, aliyekaa kizuizini miaka kwa ajili ya upinzani, alijikuta anaubeba unga wa serikali ambayo hakuwahi kuiongoza. Ruto akashinda kwa asilimia 50.49. Ni kura chache, na ukabila na mengine yalikuwemo, siwezi kusema unga peke yake ulimpa kiti. Lakini hebu fikirini ingekuwaje kama angekaa kimya pembeni ya Uhuru miaka ile yote.

Bawumia hakuwa na mlango huo. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza timu ya serikali ya usimamizi wa uchumi, kwa jina kabisa. Na miaka kumi kabla, akiwa upinzani, alikuwa amewaambia walio madarakani kwamba misingi ya uchumi wako ikiwa dhaifu, bei ya fedha za kigeni itakuumbua. Maneno matamu, na yalimrudia yote. Wengi wa chama chake hawakumpigia mpinzani, walibaki nyumbani. Hilo nalo tulihesabu, maana hasira ya uchumi hutoka kwa milango miwili, na mmoja wao ni kutokwenda kabisa kituoni.

Wanaushirika mlioko hapa mnaijua lawama isiyo na mwenyewe. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni Brazil. Miaka miwili baadaye bei ya kahawa duniani ilikuwa haijawahi kuonekana, na fedha ikaingia Kilimanjaro: mabati, ada, matofali. Hakuna aliyeishukuru baridi ya Brazil. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa mauzo ya kahawa ulivunjika, na bei duniani ikaanguka kama nusu kwa muda mfupi. Wazee waliokuwa wamesomesha watoto kwa kahawa walianza kuingiza mahindi na nyanya kati ya migomba. Halafu msimu wa 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na vyama vyetu vya ushirika vikatikisika. Mwaka mmoja baadaye, 1995, ndio uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi.

Mnajua Kilimanjaro ilivyopiga kura. Kitaifa Benjamin Mkapa alipata asilimia 61.8 na Augustino Mrema kama 28, lakini mkoa huu ulikuwa wa Mrema. Kusema ni kahawa tu nitakuwa nawadanganya: Mrema alikuwa mtoto wa hapa, na alikuwa amejijengea jina la kupambana na rushwa akiwa waziri. Ila naomba wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti wakae na bei za kahawa za kuanzia 1989 na matokeo ya kata kwa kata. Tunapenda kueleza siasa za mkoa huu kwa tabia za watu wake. Bei hatuzigusi.

Sasa kuna jambo la kitaaluma ambalo Wamarekani Donald Kinder na Roderick Kiewiet walilionyesha zaidi ya miaka 40 iliyopita: mpiga kura huamua zaidi kwa anavyouona uchumi wa nchi nzima kuliko mfuko wake mwenyewe. Mtu mwenye kazi nzuri anaweza kuipigia serikali kura ya hasira, na asiye na kazi akaisamehe. Watafiti wa Afrobarometer, wanaozunguka nchi zetu tangu 1999, nao huuliza maswali mawili tofauti, moja la hali ya uchumi wa nchi na lingine la hali yako wewe.

Kwa Marekani tofauti hiyo inaeleweka. Kwetu nina wasiwasi nayo, na huu ni wasiwasi wangu tu, msinitafutie kitabu. Mfuko wa Mtanzania hauna mpaka. Ukiwa na mshahara hapa mjini, uchumi wa Rombo unakupigia simu kila tarehe 28. Ada ya mtoto wa dada, mbolea ya mzee, mchango wa msiba, mchango wa harusi, hisa ya kikoba ya shemeji aliyekwama. Mwenye kipato hapa haangalii televisheni ili ajue nchi ina hali gani. Anahesabu simu. Simu zikiongezeka, uchumi ni mbaya, hata kama yeye amepandishwa daraja mwezi huo huo. Kwa hiyo mfuko na nchi, kwetu, vinaonana karibu sana kuliko vitabu vinavyosema.

Na kuna jambo linalokwenda kinyume na sifa zote nilizompa mwananchi mpaka sasa. Macho yake yana miwani ya chama. Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikipima kwa miongo mingi jinsi Wamarekani wanavyouona uchumi. Kila urais unapohamia chama kingine, walioshinda wanaanza kuuona uchumi mzuri na walioshindwa wanauona umeharibika, ndani ya wiki chache, duka likiwa ni lile lile. Ilitokea 2016, ikatokea 2020, ikatokea 2024. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamikia bei, muulize kwanza alimpigia nani kura. Wanazuoni wa siasa Christopher Achen na Larry Bartels wao wameonyesha upungufu mwingine: kumbukumbu fupi. Mpiga kura huupa mwaka wa uchaguzi uzito mkubwa mno na kuisahau miaka iliyotangulia. Hilo halipingani na niliyosema kuhusu bei za zamani. Mtu husahau ukuaji haraka, bei hasahau.

Halafu sote hatuna bei moja. Kitunguu kikipanda, wakulima wa Mang'ola wananunua pikipiki na Moshi tunalia jikoni. Mpunga ukipanda, mkulima wa Mabogini na Chekereni anapumua. Juni 2017 serikali ilipozuia mahindi kwenda nje, wa mjini walitulia, na mkulima aliyekuwa ameshaweka magunia akingojea bei ya Holili, mpakani na Kenya, alihisi kanyang'anywa. Bei hiyo hiyo ni neema kwa mmoja na msiba kwa mwingine, na wote wana kura. Ila sukari mwanzoni mwa 2024 ilituunganisha wote. Miwa tunaiona kwa macho ukielekea Arusha Chini, na bado tuliitafuta sukari dukani kama dawa, hadi serikali ikatangaza bei elekezi. Mtu anayeishi karibu na kiwanda akikosa sukari, hakuna maelezo ya mvua za El Niño yatakayomwingia.

Viongozi wetu hujibu malalamiko ya bei kwa kuonyesha vilivyojengwa. Naelewa kwa nini. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ipo, Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 lipo, Arusha wanajengewa uwanja wa AFCON 2027. Ni vitu vya kweli na vitabaki. Lakini waulizeni Wazambia. Rais Edgar Lungu alijenga barabara na viwanja vya ndege, na Mei 2021 daraja la Kazungula likafunguliwa, kazi ya kupendeza kabisa. Nchi ilikuwa imeshindwa kulipa deni lake Novemba 2020, na mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 24. Agosti 2021 Hakainde Hichilema, aliyekuwa ameshindwa mara tano, alimpita kwa kura karibu milioni moja. Zambia ina historia yake na unga: ghasia za 1986 kule kwenye migodi ya shaba, ghasia tena za 1990, na 1991 Kenneth Kaunda, baba wa taifa kwa miaka 27, akapata robo tu ya kura.

Na kwetu? Mwaka 2005 Jakaya Kikwete aliahidi maisha bora kwa kila Mtanzania, akapata asilimia 80. Mwaka 2010 alishuka hadi asilimia 60 na kidogo, na waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Desemba 2011 mfumuko wa bei ukafika asilimia 19.8. Kama kura ingepigwa mwezi ule sijui tungezungumza nini leo. Haikupigwa. Hadi Oktoba 2015 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi kama asilimia 6, Kikwete alikuwa anaondoka, na walioshindana walikuwa John Magufuli na Edward Lowassa, kila mmoja akijitahidi kuonekana hahusiani na miaka kumi iliyopita. Magufuli alikuwa waziri wa miaka ile, Lowassa alikuwa waziri mkuu hadi 2008. Ukomo wa vipindi viwili una faida nyingi, siupingi. Lakini unampa chama tawala sura mpya kila baada ya miaka kumi, na sura mpya haina deni la unga.

Mnangoja niseme kuhusu uchaguzi wa 2025. Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Samia Suluhu Hassan kwa asilimia 97.66. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, haikuwa kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Kama mtu wa uchumi nasema hivi: siwezi kuitumia namba hiyo kupima watu wanauonaje uchumi, kama vile nisivyoweza kuzitumia kura za ndiyo na hapana za enzi za chama kimoja. Mafuriko ya fedha ya kahawa ya 1977 na foleni za sabuni za miaka ya 80 hazikuonekana kwenye matokeo ya urais hata kidogo. Haikuwa kwamba watu hawakuona. Hawakuwa na mtu wa pili wa kumlinganisha naye. Yaliyotokea siku ile ya Oktoba na siku zilizofuata wengi wenu mnayajua kuliko nitakavyoweza kuyasema hapa.

Nimeona mikono. Dada yangu wa mbele, mwenye duka la nafaka, anza.

Ameuliza kama serikali inaweza kushusha bei mwezi mmoja kabla ya kura, ikapata ushindi, kisha ikaziachia.

Inaweza kujaribu. Julai 2022, wiki tatu kabla ya uchaguzi, serikali ya Kenya ilitangaza ruzuku na kuagiza pakiti ya unga iuzwe shilingi 100, nusu ya bei. Kwa kumbukumbu fupi ya Achen na Bartels, ingefanya kazi. Kilichotokea ni kwamba unga wa 100 ulitangazwa redioni na maduka mengi hayakuwa nao. Watu wakaenda dukani, wakakuta rafu tupu au bei ya zamani, wakarudi nyumbani na hasira mbili badala ya moja. Mgombea aliyeungwa mkono na serikali hiyo akashindwa. Nawe dada, kama muuza nafaka, unajua bora kuliko waziri yeyote kwamba mzigo wa kusagisha, kufunga na kusambaza haumalizwi kwa tangazo. Ruto alipoapishwa Septemba alisema ruzuku ile ilikula mabilioni kwa mwezi mmoja bila matokeo, na kwamba haendelei nayo. Hakupoteza kura hata moja kwa kusema hivyo siku ile, uchaguzi ulikuwa umeshapita.